Baiskeli katika Mbuga ya Wembere



Mtu akisafiri kwa barabara ya lami kutoka Singida kwenda Nzega, akifika mlima Sekenke huona nchi imebadilika ghafla. Nyuma yake ni vilima na mawe ya Iramba. Mbele yake, kule chini, ni mbuga ya Wembere, tambarare kama mkeka. Chini ya mlima ni Shelui. Ukiiacha lami na kuingia mbugani, utakuta njia zinazopita kati ya majaruba ya mpunga. Huko gari ni kitu cha nadra. Wanaopita ni ng'ombe, mikokoteni, pikipiki moja moja, na watu wa baiskeli.

Wapo wanaosema, "Njia haina gari, haina mlima, kuna nini cha kujifunza? Panda uende." Sisi tunasema kipo. Gunia likimwagika kwenye tope, jasho la msimu mzima limemwagika. Na mkulima asiyeweza kuufikisha mpunga wake sokoni humngoja mchuuzi aje shambani, na mchuuzi akija ndiye anayetaja bei.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijiji kiko kilomita 15 kutoka sokoni. Mtu mwenye kilo 20 kichwani hutembea kama kilomita 4 kwa saa. Atafika baada ya saa 3 na dakika 45. Mwenye baiskeli akienda polepole, kilomita 10 kwa saa, atafika kwa saa moja na nusu, na nyuma yake ana kilo 60. Yule wa miguu ili apeleke kilo 60 lazima aende safari tatu! Sasa tuseme bei ya sokoni inaizidi ya shambani kwa shilingi 200 kwa kilo. Kilo 60 mara 200 ni shilingi 12,000. Weka tarakimu za kijijini kwako, utapata jibu lako.

Kwa nini baiskeli ina nguvu hivyo? Kwa sababu kwenye tambarare ardhi ndiyo inayobeba mzigo, si wewe. Wewe unausogeza mbele tu. Kwenye mlima mambo hugeuka: kila hatua unaunyanyua mzigo wote pamoja na baiskeli yenyewe. Ndiyo maana mtu aliyetoka mbugani hajachoka hulemewa mara tu anapoanza kuupanda Sekenke. Shuka, usukume. Na wakati wa kuteremka na mzigo, shuka vilevile. Breki za baiskeli hazikutengenezwa kwa gunia na mteremko ule.

Watu wa Vietnam, ambao nao ni wakulima wa mpunga, walionyesha jambo hili mwaka 1954. Katika vita vya Dien Bien Phu dhidi ya Wafaransa, maelfu ya watu walipeleka mchele na silaha kwa baiskeli. Baiskeli moja ilibeba kilo 200 na zaidi. Lakini hawakuipanda. Walifunga mti kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, wakawa wanatembea pembeni na kuisukuma kama toroli. Hata wewe, mzigo ukizidi uzito wa mwili wako, usipande. Funga mti, sukuma.

Namna ya kufunga mzigo ndiyo inayowashinda wengi. Gunia likikaa nyuma sana ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani unacheza kama mlevi. Sogeza gunia mbele mpaka liguse kiti. Lilaze, usilisimamishe, maana uzito ukiwa juu baiskeli huanguka upesi. Tumia kamba za mpira uliokatwa kutoka tyubu ya zamani. Zinavutika na kubana hata mpunga ukijishindilia njiani. Ukimaliza kufunga, tikisa. Kisha jaza upepo tairi la nyuma mpaka liwe gumu chini ya kidole gumba. Tairi legelege lenye mzigo hukata tyubu kwenye rimu.

Sasa tope. Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi. Ukinywa maji huvimba na kunata. Ukikauka hujikunja na kupasuka nyufa. Hii ndiyo sifa yake nzuri kwa mpunga, kwa kuwa hauachi maji yazame upesi. Kwa baiskeli ni balaa. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Wenyeji wengi huondoa madigadi mvua zikianza, nao wana akili. Beba kijiti cha kuchokolea. Usilazimishe pedeli, utakata cheni. Pita penye majani, maana mizizi huushika udongo.

Lakini usipite juu ya tuta la jaruba! Twaona vijana wakifanya hivyo kwa kuwa pamekauka. Tairi huchimba mfereji mdogo, maji yanapata njia, na usiku mmoja jaruba la mwenzako limekauka. Ugomvi wake hufika hadi baraza la kata. Na maji yanayotembea yakiikata njia, usiingie hata kama jana ulipita. Ngoja, au rudi.

Kiangazi hatari ni nyingine. Nyayo za ng'ombe na njia za mikokoteni hukauka zikawa ngumu kama tofali. Ufa ukielekea unakokwenda, gurudumu la mbele huingia, nawe unaruka juu ya usukani. Ukate kwa kukingama, taratibu. Ondoka alfajiri, kabla ya jua na upepo. Singida yetu inajulikana kwa upepo, na mbugani hakuna mti wa kuuzuia. Chukua maji ya kunywa, pampu, kiraka na gundi, kwa sababu miiba ya migunga haichagui.

Neno moja kwa akina baba. Katika nyumba nyingi baiskeli imeegemezwa ukutani huku mama akienda kisimani na ndoo kichwani. Baiskeli haijui mwanamume wala mwanamke. Mfundisheni mama kwenye tambarare hiyohiyo, hakuna mahali rahisi kuliko hapo.

Mwisho wa njia ni lami ya Shelui, yenye mabasi na malori marefu. Masikio yaliyozoea kimya cha mbugani hudanganyika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhusu hata mwenye baiskeli: kaa kushoto, na usiku uwe na taa. Shuka kabla ya lami, tazama kulia, kushoto, na kulia tena, kisha vuka ukisukuma.

Ukifika mashineni, mwombe mtu ashike usukani kabla hujafungua kamba, la sivyo baiskeli itapinduka. Mpunga mkavu wa kilo 60 hutoa kama kilo 39 za mchele. Pima kabla ya kukoboa, pima na baada yake, uandike kwenye daftari. Pumba nazo zidai, kuku wako wanazihitaji.