Alama za Nyongeza: Je, Zafaa?

Kila muhula unapokaribia kwisha, hakosi mwanafunzi wa kuja mlangoni pa chumba cha walimu, daftari mkononi. Siku hiyo shikamoo yake huwa ndefu kuliko kawaida. Mwishowe husema, "Mwalimu, hakuna kazi yo yote ninayoweza kufanya nikaongezewa alama?" Swali hili si la kucheka. Nataka kulieleza hapa, maana latuhusu sote: wanafunzi, walimu na wazazi.

Katika vyuo vikuu vya Marekani jambo hili ni la kawaida. Aghalabu mwalimu wa chuo huko ndiye atungaye mitihani ya somo lake, na ndiye atoaye daraja la mwisho. Kwa hiyo ana nafasi ya kuongeza alama. Mmoja huwapa alama chache waliohudhuria mhadhara wa mgeni. Mwingine huweka swali la ziada mwisho wa mtihani. Katika somo la saikolojia, wako wanaopewa alama kwa kushiriki katika majaribio ya watafiti. Hata hivyo, kanuni za chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo zataka asiyependa kushiriki apewe kazi nyingine iliyo sawa, asije akakosa alama kwa sababu ya kukataa.

Mwaka 2015 zilienea habari za mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Maryland, Dylan Selterman. Aliwataka wanafunzi wake wachague, kila mtu peke yake, alama 2 au alama 6 za nyongeza. Lakini kama zaidi ya wanafunzi 10 katika kila 100 wangechagua 6, darasa zima lisingepata kitu. Alitaka waone jinsi tamaa ya wachache iharibuvyo mali ya wote. Karibu madarasa yote aliyoyapa swali hilo yalitoka mikono mitupu.

Wanaozitetea alama hizo wana hoja. Mwanafunzi huweza kuugua malaria wiki ya jaribio, au kufiwa. Si haki siku moja mbaya imharibie muhula mzima. Kadhalika, kazi ya ziada huweza kumwamsha aliyekata tamaa. Wanaozipinga husema kwamba alama ni kama mizani ya sokoni: ukiibonyeza kwa kidole, kilo huongezeka, lakini unga ni ule ule.

Mimi mwenyewe nimewahi kuibonyeza mizani hiyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, niliwaahidi wanafunzi wangu wa biolojia alama 5 kwa kila atakayeleta mchoro wa moyo katika karatasi ya manila, uliopakwa rangi. Ikaletwa michoro mizuri mno. Mingine, nilikuja kujua, ilichorwa na mafundi wa mabango mjini. Msichana mmoja aliyezoea kuwa wa kwanza hakuleta, na nilipobandika orodha alikuwa wa sita. Nilipomwuliza, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, moyo naujua. Karatasi ndiyo sina."

Nilimpa chaki. Akauchora moyo ubaoni, vyumba vyake vinne na mishipa yake mikubwa, pasipo kukosea. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikupima biolojia, nilipima mifuko ya wazazi. Kesho yake niliibandua orodha nikaifuta nyongeza yote. Walioshuka walinuna, nao walikuwa na haki ya kununa, kwa kuwa niliwaahidi na wao walitimiza.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu Tanzania. Kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, maendeleo ya mwanafunzi shuleni yalianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Basi alama isiyo ya haki haiishii ubaoni. Yaweza kumfuata mtoto hata katika cheti chake.

Je, zitolewe au zisitolewe? Naona zaweza kutolewa, ila kwa masharti manne. Zitangazwe mwanzo wa muhula, si mwisho. Ziwe wazi kwa kila mwanafunzi, si kwa yule tu ajuaye kubembeleza. Zitokane na somo lenyewe, si na ufagio wala karatasi ya kununua. Na kazi yake iwezekane kwa kalamu na daftari. Kwa aliyeanguka jaribio, nyongeza iliyo bora ni kulifanya upya na kueleza kwa maneno yake mwenyewe alikosea wapi. Akifanya hivyo, alama ikipanda, maarifa nayo yamepanda.

Wazazi nao, mtoto aletapo ripoti, msiulize tu amekuwa wa ngapi. Mwambieni akuelezeni jambo moja alilojifunza muhula huu.

Nanyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mlango wa chumba cha walimu u wazi. Lakini njoni wiki ya pili ya muhula, msingoje ya mwisho.