Kadi ya Bima na Daktari wa Ubongo na Mgongo



Msimu wa kuchuma unakaribia, na kila mmoja wetu ameshaanza kutazama kamba, makanda na majamvi yake. Twaomba mtazame na kitu kingine kidogo kilichomo sandukuni, nacho ni kadi ya bima ya afya, kwa yule aliye nayo.

Sote twaujua mkarafuu. Ni mti mrefu, na tawi lake ni jepesi kuvunjika. Anayeanguka akavunjika mkono huungwa akapona. Walakin akiumia kichwa au uti wa mgongo, huenda akamhitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na mabingwa hao ni wachache, hawapatikani katika kila hospitali.

Mwenzetu mmoja alianguka msimu uliopita. Aliinuka, akajipangusa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Baada ya wiki chache mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Mkewe ni mwalimu wa skuli ya Serikali, na kwa kazi yake mkewe, yeye naye ana kadi. Alisikia habari za kliniki moja ya binafsi mjini, na ukutani pake pameandikwa kwamba bima zinapokelewa. Tulifuatana naye. Alipokelewa vizuri, akatazamwa, na kadi ikakubaliwa. Ilipofika siku ya kupangiwa upasuaji ndipo tukaambiwa dirishani kwamba bima inalipia kumwona daktari tu; upasuaji ni fedha taslimu. Mwenzetu akaenda kuuza karafuu zikali juu ya miti, kwa bei ya mtu mwenye dhiki.

Hata hivyo fedha hazikutosha. Mwisho tulikwenda kuuliza katika ofisi ya Mfuko wenyewe, tukaelekezwa hospitali ya Serikali, na huko akapasuliwa kwa kadi ile ile. Sasa anatembea kwa mkongojo. Daktari alitwambia kuwa lau angefika mapema, mguu ungepata nguvu zaidi. Miezi minne ilipotea kwa sababu hatukujua la kuuliza.

Basi yafaa tujue. La kwanza, kadi ya mfuko mmoja si kadi ya mfuko mwingine. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliundwa kwa sheria ya mwaka 2023. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Bara ulianza kazi mwaka 2001. Kila mmoja una mikataba yake na hospitali zake. Tazama jina lililo juu ya kadi yako kabla ya kupanda chombo.

La pili, usiuamini ukuta. Uliza ofisi ya Mfuko, kisha uliza dirisha la bima la kliniki, maswali matatu haya:

1. Je, mkataba wenu na Mfuko wangu ungali hai hivi leo?

2. Je, daktari atakayenipasua naye yumo katika mkataba huo, au ana malipo yake mbali?

3. Je, bima inalipia yote: picha za CT na MRI, upasuaji, kulazwa, vyuma vya kushikia mifupa, na mazoezi ya viungo baadaye? Na lipi linahitaji kibali kabla?

Andika majibu, tarehe, na jina la aliyekujibu. Kuuliza si ujinga.

La tatu, anzia hospitali ya karibu na utoke na barua ya rufaa. Bila ya barua hiyo, kadi nzuri yaweza kukataliwa kwa bingwa. Hapa kwetu, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna jengo maalumu la upasuaji wa ubongo na mgongo, lililofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania. Kwa upande wa Bara, iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ambayo hutibu mifupa pamoja na ubongo na mishipa ya fahamu.

Haya yote ni kwa maradhi yanayompa mtu nafasi ya kuuliza. Aliyeanguka akazimia, akatapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akapotewa na maneno, au akashindwa kutikisa mguu au mkono, huyo apelekwe hospitali ya karibu saa ile ile. Kadi itafuata nyuma. Msimwinue kwa makwapa wala msimkalishe. Mshikeni kichwa na shingo visitikisike, mumlaze juu ya ubao ulionyooka, hata kama ni mlango wa kibanda.

Ofisi ya Chama imeanza kuandika orodha ya hospitali zenye mkataba, na itabandikwa kwenye ubao wetu kabla ya uchumaji kuanza. Aliye na kadi aje tuitazame pamoja. Asiye nayo aje pia, tumweleze njia ya kuiomba. Karafuu moja ikidondoka chini huokotwa. Mchumaji akidondoka, na tuwe tumekwisha kujua wapi pa kumpeleka.

Wassalam,
Katibu wa Chama