Je, Wajua? Jina la Tovuti Hukodishwa

Je, wajua kwamba anwani ya tovuti hainunuliwi ikawa yako milele? Hukodishwa, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Mashoka ya mawe aliyoyafukua mwanaakiolojia Louis Leakey pale Kariandusi, karibu na Gilgil, yamedumu mamia ya maelfu ya miaka bila kulipiwa hata senti. Lakini anwani ya duka lako mtandaoni huzimika ada isipolipwa. Na haizimiki peke yake: barua pepe zinazobeba jina hilo hukatika pia, oda za wateja zikiwemo.

Nchini Kenya majina yanayoishia .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na biashara nyingi huchukua .co.ke kupitia wakala. Hapa ndipo wengi huteleza. Kijana aliyeunda tovuti husajili anwani kwa jina lake na barua pepe yake, kisha huhama mji. Mwenye duka hubaki mpangaji katika nyumba aliyodhani ni yake.

Wewe mwenye kambi ya watalii au duka la vinyago kando ya barabara ya Nakuru, uliza leo: anwani imesajiliwa kwa nani, na muda wake unaisha lini?