Gari Moshi Bila Moshi

Sisi bado tunasema "gari moshi". Lakini moshi wenyewe ulikwenda wapi?

Tazama sufuria jikoni. Maji yakichemka, mvuke hutikisa kifuniko. Injini za zamani zilitumia nguvu hiyohiyo. Mvuke ulibanwa, ukasukuma vyuma, navyo vikazungusha magurudumu.

Injini za mvuke kubwa kupita zote katika Afrika ya Mashariki zililetwa kutoka Uingereza miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na jina la mlima: Kilimanjaro, Gelai, Shengena. Zilivuta mizigo toka Mombasa, pwani, hadi Nairobi, juu zaidi ya meta 1,600. Si mchezo!

Basi kwa nini ziliachwa? Kiu. Kila mara zilisimama njiani kunywa maji. Tena moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari. Injini ya dizeli unaiwasha, inaondoka, wala haitaki mtu wa kutunza moto. Mtu yule alijua moto kwa kuutazama tu. Ujuzi wake ukakosa kazi.

Kufikia 1980 zote 34 zilikuwa zimeondolewa. Gelai na Shengena zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi.