Dereva pande la mtu ndani ya gari la mashindano: Usalama huanzia kwenye kiti

MWAKA 1995 Nigel Mansell wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa dunia wa magari ya langalanga mwaka 1992, alijiunga na timu ya McLaren, lakini msimu ulipoanza hakuonekana uwanjani. Hakuwa majeruhi wala hakuwa na mgogoro wa mkataba. Hakuenea ndani ya gari. Chumba cha dereva cha McLaren MP4/10 kilikuwa chembamba mno kwa mwili wake, na timu ikalazimika kuunda bodi nyingine pana zaidi huku Mark Blundell akimshikia nafasi katika mashindano ya Brazil na Argentina. Mansell alikimbia mara mbili tu na gari hilo lililopanuliwa, San Marino na Hispania, kisha akaachana na timu hiyo.

Kisa hicho huchekesha wapenzi wa mchezo, lakini kwa mafundi si cha mzaha. Katika gari la kawaida la mjini, mtu mnene au mrefu husogeza kiti nyuma, akalaza mgongo kidogo na safari ikaendelea. Gari la mashindano halina uhuru huo. Kiti chake mara nyingi hakisogei, mlango umezibwa na mabomba ya chuma, na dereva hufungwa mikanda sita inayombana kila upande. Kosa la sentimita chache, ambalo sebuleni lingekuwa kero ndogo tu, huku huweza kuvunja shingo.

Kichwa ndicho cha kwanza kupimwa. Mwaka 1967 kampuni ya Ford ilipeleka Le Mans, Ufaransa, gari lake la GT40 Mark IV. Jina hilo lenyewe lilitokana na kimo cha gari la awali, inchi 40, yaani mita moja na kidogo. Mmoja wa madereva wake, Mmarekani Dan Gurney, alikuwa mrefu wa zaidi ya futi sita, na kofia yake ngumu ilikuwa ikigonga paa. Mafundi wakatengeneza uvimbe juu ya paa, upande wa dereva, ili kichwa kipate pa kukaa. Gurney na mwenzake A.J. Foyt wakashinda mbio hizo za saa 24, na hadi leo uvimbe huo unajulikana kwa jina la Gurney.

Si kila mtu anayeweza kutoboa paa. Katika mashindano ya kawaida, kipimo kinachotumiwa sana ni rahisi: fimbo iliyonyooka hulazwa kutoka juu ya bomba la mbele hadi juu ya bomba kuu lililo nyuma ya dereva, na kofia ngumu iwe chini ya fimbo hiyo kwa sentimita tano hivi. Dereva hupimwa akiwa amefungwa mikanda na amevaa kofia, si akiwa amejiinamia. Asipofaulu, hatua ya kwanza ni kung'oa reli za kusogezea kiti na kukifunga kiti moja kwa moja kwenye vishikizo vilivyo karibu na sakafu. Hatua hiyo pekee hurudisha sentimita kadhaa. Kulaza mgongo wa kiti husaidia pia, ila kuna kikomo, kwa maana dereva aliyelala mno hana budi kuinua shingo ili aone mbele, na baada ya nusu saa shingo hiyo huchoka.

Hatua isiyokubalika ni kubandua sponji ngumu inayofunika mabomba yaliyo karibu na kichwa ili kupata nafasi. Wapo wanaofanya hivyo. Bomba tupu la chuma likikutana na kofia ngumu gari linapopinduka, madhara yake hayahitaji maelezo. Katika mbio za barabara za vumbi, kama zile za Safari Rally zilizorejea Naivasha, Kenya, katika ratiba ya dunia mwaka 2021, dereva hurushwa juu kila gari linapotua, hivyo nafasi ya kichwa huhitajika hata pasipo ajali.

Baada ya kichwa ni kiti. Watu wengi huchagua kiti kwa uzito wao, ilhali kinachopaswa kupimwa ni upana wa nyonga, upana wa mabega na urefu wa kiwiliwili. Kiti kikibana mbavu, dereva hushindwa kuvuta pumzi vizuri. Kikiwa kipana kupita kiasi, mwili huyumba na mbavu hugongwa pale gari linapopigwa ubavuni. Kuongeza mto laini wa nyumbani ni kosa jingine, kwani sponji laini hubonyea wakati wa kishindo, mikanda ikalegea papo hapo na mwili ukapata mwendo kabla ya kuzuiwa.

Timu zenye uwezo humtengenezea dereva kiti kinachofuata umbo lake. Mfuko wenye punje nyepesi zilizochanganywa na gundi huwekwa ndani ya bodi, dereva huketi juu yake akiwa na mavazi yake yote, kisha hewa hunyonywa hadi punje zigande zikifuata umbo la mgongo na mapaja. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na dereva hutakiwa kutulia tuli gundi inapokauka. Katika mbio ndefu ambako madereva watatu hushirikiana gari moja, kiti kikubwa cha msingi hupimwa kwa yule mkubwa kuliko wote, na wadogo huja na vitandiko vyao vigumu vya kuchomeka. Kinyume chake hakiwezekani.

Mikanda ndiyo inayowatesa zaidi watu wenye matumbo makubwa. Mkanda wa chini hauna budi kukaa juu ya mifupa ya nyonga, kwa kuwa mifupa hiyo ndiyo inayoweza kubeba kishindo. Tumbo likiusukuma juu, nguvu yote huishia kwenye utumbo na ini. Dawa yake ni kuufunga mkanda huo kwanza, chini kabisa ya kitambi, ukakazwa vyema kabla ya ile ya mabegani kuguswa, na mikanda ya kati ya miguu ikauzuia usipande.

Kwa mtu mrefu tatizo huhamia mabegani. Matundu ya kiti yanayopitisha mikanda yakiwa chini ya mabega yake, mikanda hupanda juu ya bega kisha hushuka nyuma, na katika ajali huubana uti wa mgongo kuelekea chini. Kiti cha namna hiyo hakimfai, hata kama amekaa kwa raha.

Mikanda hiyohiyo ndiyo inayoshikilia kifaa cha HANS kinachozuia kichwa kisirushwe mbele, ambacho langalanga ilikifanya cha lazima mwaka 2003. Mwaka huohuo Justin Wilson wa Uingereza, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 190, alikuwa akiendesha Minardi, timu iliyoshindwa kumtumia mwaka uliotangulia kwa sababu ya urefu wake. Nchini Malaysia kifaa hicho kilichomoka mahali pake wakati wa mbio, kikamwumiza mabega hadi mikono ikafa ganzi kwa muda, akalazimika kuacha.

Miguuni mambo ni mepesi zaidi: pedali husogezwa, viatu huwa vyembamba, na usukani unaochomoka hurahisisha kuingia. Muhimu ni magoti yasikwame chini ya usukani.

Lakini kuingia si kutoka. Magari ya langalanga yalipowekewa kinga ya kichwa ya halo mwaka 2018, muda unaoruhusiwa dereva kuchomoa usukani na kutoka ulirefushwa kutoka sekunde tano hadi saba. Novemba 29, 2020, nchini Bahrain, gari la Romain Grosjean lilikatika vipande viwili na kuwaka moto. Mguu wake wa kushoto ulinasa, akauchomoa na kukiacha kiatu, akatoka baada ya takriban sekunde 28. Dereva mkubwa kwa hiyo hufanya mazoezi ya kutoka kwa milango yote miwili, macho yakiwa yamefumbwa, kwa kuwa moshi hauonyeshi njia.

Uzito nao una historia yake. Kwa miaka mingi dereva mzito wa langalanga aliadhibiwa na saa, kwani uzito wake ulijumlishwa na wa gari. Mwaka 2014 Mjerumani Adrian Sutil alifikia hatua ya kukimbia bila chupa ya maji. Mwaka 2019 kanuni ziliweka kilo 80 kuwa kiwango cha chini cha dereva pamoja na kiti chake, kikapandishwa hadi 82 mwaka 2025. Aliye mwepesi huongezewa vyuma.

Anayenunua gari la mashindano lililotumika afike na kofia yake, viatu vyake na rafiki wa kushika fimbo, na aketi akiwa amefungwa mikanda kwa dakika ishirini kabla ya kutoa hata shilingi. Ganzi ya mguu na maumivu ya mgongo hayajitokezi katika dakika mbili za kwanza, na muuzaji anajua.