Una Wivu, au Unazimiwa Taa?

Siku hizi wapenzi wakigombana kidogo tu, mmoja lazima adai amefanyiwa ‘gaslighting’. Saluni, ofisini, hadi kwenye kitchen party, neno ni hilohilo. Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililitangaza kuwa neno la mwaka. Tatizo ni kwamba wengi tunalipachika pasipo pake.

Neno lilitoka jukwaani. Mwaka 1938 Mwingereza Patrick Hamilton alitoa tamthilia iitwayo Gas Light, na mwaka 1944 Hollywood wakaifanya filamu iliyompa Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Mume kaoa, kumbe anachotaka ni vito vilivyofichwa ndani ya nyumba. Usiku anaaga anatoka, kisha anapenya hadi darini kupekua. Nyumba za London enzi hizo ziliwaka taa za gesi, kwa hiyo akiwasha ya darini, za chini zinafifia. Mke anaona taa zikishuka, anasikia na nyayo juu. Lakini mume keshamfichia vitu na kumwambia kavipoteza yeye, mara kadhaa, mpaka bibi wa watu haamini tena macho yake.

Kinachomwokoa ni mtu wa nje: mpelelezi anaingia, na yeye anaiona taa ikififia.

Sasa rudi kwako. Ukikuta meseji ya saa 6 usiku, mwenzio akasema ni ya binamu yake, huo ni uongo wa kawaida, changa la macho tu. Akikuambia hakuna meseji uliyoiona, kwamba juzi pia ulisahau funguo, na kwamba hata dada yako anasema umebadilika, hapo ndipo penyewe. Mwongo anaficha jambo lake. Huyu anaipiga vita akili yako, na hakuachi siku moja, ni mwendo wa miezi.

Kukumbuka tofauti nani alisema nini kwenye harusi ya Kelvin siyo gaslighting, jamani. Ni ndoa.

Ukiwa na shaka, andika tarehe na kilichotokea palepale, halafu mwonyeshe mtu unayemwamini. Wanaume nanyi msione aibu, yanawapata pia.

Wapo na wajanja waliolibeba neno kama ngao. Ukimuuliza alikuwa wapi, anakujibu wewe ndiye unayemfanyia gaslighting. Sawa, baba. Lakini ulikuwa wapi?