Sindano ikikuharibu bega, usikae ukingoja

Umedungwa sindano ya chanjo leo mjini. Kesho asubuhi, ukiwa ndani ya matatu ya kutoka Kangemi, unainua mkono ushike chuma cha juu na bega linakataa. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida, msomaji. Lakini wiki zikipita na bado huwezi kuchana nywele wala kuanika nguo, usilipuuze jambo hilo.

Mara nyingi chanjo yenyewe haina lawama. Tatizo ni mahali sindano ilipoingia. Inatakiwa kudungwa kwenye msuli mnene wa mkono, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Ikidungwa juu mno, dawa yaweza kuingia karibu na kiungo na kuleta uvimbe. Kwa hivyo unapochanjwa, vua shati au kunja mkono wake mpaka begani, badala ya kuvuta ukosi. Visa hivi ni nadra, na si sababu ya kukwepa chanjo.

Je, utalipwa na nani? Huko Marekani, jeraha hili liliingizwa mwaka wa 2017 katika orodha ya madhara yanayolipwa na mfuko maalum wa chanjo. Maumivu yakianza katika muda wa saa 48, na masharti mengine yakitimia, mgonjwa hahitaji kuthibitisha kosa la aliyemdunga. Kenya haina mfuko kama huo. Hapa kwetu ni lazima uthibitishe mahakamani kwamba kulikuwa na uzembe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza kadi ya chanjo, na uandike tarehe, mkono uliodungwa na saa maumivu yalipoanza. Muone daktari mapema, ueleze kuhusu sindano hiyo, na uhifadhi stakabadhi zote. Ukinyimwa rekodi zako, kumbuka kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata habari unazohitaji kulinda haki yako.

Ripoti madhara hayo kwa Bodi ya Dawa na Sumu, barabara ya Lenana. Malalamiko dhidi ya daktari au hospitali hupelekwa kwa Baraza la Madaktari, Hurlingham. Yale ya muuguzi huenda kwa Baraza la Wauguzi. Hata hivyo, kazi kubwa ya mabaraza haya ni nidhamu. Anayeamuru ulipwe fidia ni hakimu au jaji, kwa mfano kule Milimani.

Jihadhari na kalenda. Kesi ya uzembe dhidi ya zahanati ya kibinafsi huwasilishwa kabla ya miaka 3 kwisha. Dhidi ya Serikali, sheria inakupa miezi 12 pekee, na kupeleka malalamiko kwa baraza hakusimamishi siku hizo. Muone wakili mapema.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa itaumiza bega, na kesi pia.